Kidude cha kuhesabu mizunguko ya pedeli: nimekijaribu barabara ya Pangani

Karibuni tena jamani. Nipo Raskazone, bahari ile pale nyuma yangu, na leo tunakiangalia hiki kidude hapa kwenye krenki ya baiskeli, ule mkono unaoshika pedeli. Kinahesabu pedeli zinazunguka mara ngapi kwa dakika, kisha kinakuletea hesabu kwenye simu kwa bluetooth. Betri yake ni ile bapa ya duara, CR2032. Unakifunga kwa mpira tu, fundi hahitajiki.

Sisi wa Tanga wengi tumekulia kwenye Phoenix za gia moja, kwa hiyo kukandamiza tumekuzoea. Kwenye mazoezi yangu ya vipande, dakika tatu kwa nguvu, tatu za kupoa, niliamini gia nzito ndiyo uanaume. Kidude kikanionyesha 68. Kumbe ndiyo maana mapaja yalikuwa yanawaka moto na pumzi bado ninayo!

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Chukua wati 200, yaani kipimo cha kazi unayofanya kila sekunde. Ukizungusha 60 kwa dakika, kila unapokanyaga unatumia nguvu mara moja na nusu ya unayotumia ukizungusha 90, na kazi ni ile ile. Polepole, misuli inaumia. Haraka, mzigo unahamia kwenye moyo na mapafu, na hivyo ndivyo tunavyotaka kuvijenga. Izumi Tabata wa Japani, kwenye utafiti wake wa 1996 wa sekunde 20 kazi na 10 mapumziko, aliwazungushisha watu pedeli mara 90 kwa dakika. Ukishindwa kubaki juu ya 85, zoezi limekwisha.

Mimi nimetulia kwenye 90 hadi 95. Nilijaribu 110, nikawa narukaruka kwenye siti. Msimu wa kusi, ukielekea Pangani upepo unakupiga usoni na namba inateremka yenyewe. Hapo shusha gia mapema, usisubiri miguu igome.

Kasoro ninayoiona: ukichomoka ghafla, namba inachelewa. Kwa vipande vya sekunde 20 hakinisaidii.

Na kama hela haipo, usikinunue kwa kukopa. Hesabu goti la kulia linavyopanda kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Ukipata 23, upo 92. Mwenye gia moja, vipande vyako vifanye wakati wa kurudi mjini, kusi ikiwa mgongoni.