Tairi la spea ndani ya Prado ya zamani: breketi hii nimeifunga na kuijaribu

Wadau, karibuni tena. Leo tuko hapa Unga Limited, Arusha, na hiyo kelele mnayoisikia ni grainda, jirani anakata geti. Mtatuvumilia.

Kabla sijaonyesha bidhaa, yaani breketi ya kufungia tairi la spea ndani ya gari, tazameni huu mlango wa nyuma. Prado ya mwaka 1998. Ili ufungike lazima uunyanyue kwa goti, hivi, ndipo usukume. Kosa ni langu mwenyewe. Niliweka matairi ya matope ya 265/75R16, makubwa kuliko yale ya mwanzo, na la spea nikalitundika hapo hapo mlangoni, nikazunguka nalo miaka na miaka Longido na Simanjiro. Tulilipima na rimu yake kwenye mzani wa mahindi: kilo 34. Kila shimo unaloingia, bawaba ndizo zinazobeba. Zimelika.

Kuna wanaoliweka juu kwenye keria. Sawa, ila jaribu kulishusha peke yako usiku, mvua inanyesha, halafu uje tuongee.

Sasa breketi yenyewe ni hii. Chuma cha milimita 5, miguu miwili inalala sakafuni, nguzo moja imesimama, na kwenye nguzo kuna sahani yenye studi tatu. Studi ni za milimita 12 uzi wa 1.5, sawa na za magurudumu ya gari hii, kwa hiyo nati za gurudumu zinaingia na unafungua kwa wili spana ile ile ya 21 uliyo nayo. Hapo aliyeitengeneza nampa maua yake. Sahani imetobolewa kwa rimu ya matundu sita, kwa hiyo mwenye RAV4 ya matundu matano hii haimhusu.

Nisipomsifia ni kwenye bolti zilizokuja ndani ya mfuko. Sogeza kamera. Unaona kichwa cha bolti hiki? Kitupu, hakina namba. Niliikaza kwa spana namba 17, ikaanza kushika, halafu ghafla ikawa laini mkononi kama naikaza kwenye mgomba. Uzi umevutika. Hii nyingine ina 8.8 kichwani, ndiyo namba ya uimara wa bolti, nimenunua mwenyewe duka la vifaa, bei ya soda chache. Nikazitupa zote za kwenye mfuko. Ukinunua breketi ya namna hii, ya duka lolote, anza na hilo.

Watu mnaniuliza sana unene wa chuma. Mimi nawaomba mfunue kapeti. Sakafu ya gari ni bati jembamba, na ukitoboa popote ukafunga bolti na washa ndogo, siku ya siku bolti inatoka na kipande cha bati. Sisi tumetoa siti ya tatu, tukatumia mashimo yake, maana pale kiwandani wameweka chuma cha kuongezea nguvu na nati zimeshachomelewa kwa chini. Mguu mmoja haukufika kwenye shimo. Fundi akataka kushusha drili, nikamwambia, "Kaka, ngoja kwanza tuchungulie chini." Tukaingia uvunguni na tochi: bomba la breki linapita pale pale, kama upana wa vidole viwili kutoka alipoweka alama. Tukasogeza mguu, tukatoboa, na kwa chini tukaweka sahani ya chuma ukubwa wa kiganja ili mzigo usambae. Rangi ya kuzuia kutu juu yake, basi.

Kuna anayetaka kutumia matundu ya bolti za mkanda wa siti. Uzi wake ni wa inchi, 7/16, bolti ya breketi hii ni ya milimita 10, haishiki humo hata ukiilazimisha. Na mkanda ule unaokoa mtu, uache.

Kwa nini nasisitiza? Piga hesabu. Gari ikisimama ghafla kutoka spidi 50, tairi lisilofungwa linaendelea na spidi ile ile, na hiyo ndiyo spidi ya kitu kilichoanguka kutoka karibu mita 10. Tairi la kilo 34 kutoka ghorofa ya tatu, na wewe umekaa mbele yake. Kwa hiyo juu ya breketi nimepitisha na mkanda wa racheti, kama wa kufungia mizigo kwenye kenta.

Jumamosi tukaijaribu. Lami hadi Makuyuni, Mto wa Mbu, halafu kulia kuelekea Engaruka, ile barabara ya mawe na vumbi la kupita kwenye meno. Kwenye yale mawimbi ya barabara yaliyo kama bati, breketi ilikaa kimya, kilichogonga ni jeki yangu. Tuliposimama nikaikamata nati ya mguu wa nyuma, ikakubali kuzunguka robo. Nimeweka nati zenye nailoni ndani, tangu hapo haijasogea. Wewe ukifunga yako, kaza tena baada ya safari ya kwanza.

Hasara zipo. Tairi likisimama linakula sentimita 80 kwa urefu na karibu 27 kwa upana, na dirisha la kushoto limezibwa. Bodaboda wa hapa wanapitia wapi? Kushoto. Nimebandika kioo kidogo cha duara kwenye saiti mira. Harufu ya mpira nayo, gari likishinda juani, utaizoea au utalala na madirisha wazi. Na ukipata pancha kwenye tope, lile tairi chafu ndilo linaloingia ndani, kwa hiyo beba turubai. Vali igeuze ikutazame, upime upepo bila kufungua kitu.

Mwenye watoto wanne wanaokaa siti ya tatu, usinunue, tengeneza bawaba. Mimi natembea na mtu mmoja na mizigo, kwangu inafaa, mradi bolti nibadilishe.

Na mlango? Haya, tairi limetoka. Sikilizeni... Bado unataka goti kidogo. Bawaba zilizokwisha kulika breketi haizirudishi. Wiki ijayo tunazifungua.