Ben-Hur ya "HD": nani kakata farasi?

Mbio za magari ya farasi ndizo zinazofanya mtu alipie Ben-Hur ya 1959. Magari tisa, kila moja farasi wanne. Sasa kwenye huduma ya mtandaoni niliyokodia filamu hii hivi karibuni, yakijipanga kuanza, ya pembeni yanamezwa na ukingo wa kioo. Messala, yule adui, anamsogelea Yuda Ben-Hur, shujaa wa filamu, na gari lake lenye visu kwenye magurudumu. Mara visu vimo, mara havimo.

Ni hesabu tu. Filamu ilipigwa kwa mkanda wa milimita 65, na umbo la picha, upana kwa kimo, ni 2.76 kwa 1. Runinga zetu ni 1.78 kwa 1. Ukitaka kioo kijae bila weusi juu na chini, unatupa asilimia 36 ya upana. Zaidi ya theluthi! William Wyler, mwongozaji, alihangaika kuujaza upana ule, halafu fundi fulani anaufyeka ili kioo kionekane kimeshiba.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Jibu: zima runinga, washa, badili ukubwa wa picha kwa rimoti. Jamani, rimoti itamrudishaje farasi mliyemkata huko kwenu? Nilipobana zaidi nikaambiwa wateja wengi hawapendi ule weusi. Basi andikeni pale kwenye bei kwamba mnauza theluthi mbili ya filamu.

Kujua mwenye kosa ni rahisi, hasa kama picha inatoka kwenye kifaa kingine na kuingia kwenye runinga kwa waya wa HDMI. Sitisha filamu, menyu ya huduma itokee. Menyu ikiwa imekatwa pembeni, ni runinga yako inavuta picha: zima Zoom, weka 16:9 au Just Scan (picha nzima bila kukatwa pembeni). Menyu ikiwa kamili na picha bado imejaa mpaka juu, imekatwa kabla haijakufikia. Tazama na muda pia. Pamoja na muziki wa ufunguzi na wa mapumziko, filamu ni dakika 222 hivi. Yao ilikuwa fupi zaidi, kwa hiyo muziki wa Miklós Rózsa juu ya mchoro wa Michelangelo nao umeliwa. (Ukiupata kamili usidhani runinga imeganda. Picha inatakiwa isimame pale dakika kadhaa.)

Na bando je? Kwa mwendo wa megabiti 5 kwa sekunde, filamu ndefu hivi inakula GB 8 na ushee. GB 8 za farasi nusu!

Nilitaka kuishia kwenye nyota moja. Ila kusema haki, rangi zilikuwa safi, jasho la wapiga makasia linaonekana tone kwa tone... Hapana, nyota moja inatosha. Jasho nimeliona kwenye Blu-ray ya 2011 pia, na huko magari yote tisa yapo. Hiyo ndiyo ya kutafuta. Filamu imegawanywa diski mbili, kwa hiyo utainuka mara moja.

Ukiipata, zima ule mpangilio wa runinga unaolainisha mwendo, maana unaifanya Roma ionekane kama tamthilia ya jioni. Chagua Cinema au Filmmaker, shusha Sharpness karibu na sifuri. Spika za runinga zitaufifisha muziki. Hata sabufa ya bei ya chini inasaidia.

Diski nayo ningeipa tano, lakini nne na nusu, kwa sababu ya umbo lilelile ninalolitetea. Kati ya mistari 1080 ya kioo, picha inatumia kama 696 tu, iliyobaki ni weusi. Kwenye HD ya 720 inabaki 464, na hapo nyuso za mbali zinaanza kuwa uji. Runinga ya inchi 43 inakupa picha ya kimo cha sentimita 34 hivi. Ya inchi 32 ni 25 na kidogo, kwa hiyo sogeza kiti hadi mita moja na nusu.