Uzoefu wangu na bendi ya Warning: albamu niliyodhani ni spika mbovu

Mimi ni fundi wa redio na sabufa hapa Morogoro, na kazi yangu kubwa ni kuondoa mkoromo. Mteja anakuja, "Fundi, inakoroma." Nafungua, nakuta koni, ile karatasi ya spika inayotetemeka, imechanika au koili imeungua, nabadilisha, anaondoka nayo. Sasa siku moja kijana wa chuo aliniachia flashi yake niijaribishie sabufa niliyomtengenezea. Wimbo wa kwanza tu, nikazima mbio. Nikajua nimeharibu mali ya watu. Nikafungua boksi upya, nikapapasa waya mmoja mmoja, nikapuliza vumbi, nikafunga. Inakoroma vilevile. Nikaweka bongofleva, ikalia vizuri kabisa. Hapo ndipo akili ilipokaa sawa: mkoromo ulikuwa ndani ya wimbo, na waliourekodi waliutaka.

Wimbo wenyewe ni "Footprints", bendi inaitwa Warning, ya Harlow, Essex, Uingereza. Ilianza 1994 na kwa zama zake za kwanza iliacha albamu mbili tu: The Strength to Dream ya 1999 na Watching from a Distance ya 2006. Hiyo ya pili ndiyo ninayoizungumzia. Ina nyimbo tano na inachukua kama dakika 50, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe uone kila wimbo una urefu gani.

Wanapiga metali, yaani roki nzito ya magitaa yanayokoroma, na aina yao huitwa doom. Mtaani kwetu tukiitamka inakuwa "dumu", na kweli inadumu. Chimbuko lake ni bendi ya Black Sabbath ya Birmingham, Uingereza, na kisa chao hukipenda kila fundi. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, vidole vya mkono ule ule anaobania nyuzi. Akayeyusha plastiki ya chupa ya sabuni, akajichongea ncha za bandia, halafu baadaye akawa analegeza nyuzi ili zisimuumize. Nyuzi zikilegea sauti inashuka, inakuwa nzito. Muziki mzima uliofuata umesimama juu ya ufundi wa kuungaunga.

Warning wao wamepunguza mwendo zaidi. Gitaa linapigwa mara moja, kisha linaachwa lifie lenyewe. Kati ya pigo moja la ngoma na jingine unaweza kuchomelea mguu wa tansista, ukapuliza, risasi ikapoa. Mwanzoni nilikereka. Usiku wa tatu, nimebaki peke yangu kibandani, nikajikuta nimeweka pasi ya kuchomelea pembeni, sifanyi lolote.

Kilichonishika ni sauti ya mwimbaji, Patrick Walker. Bendi nyingi za namna hii huimba makaburi, mashetani na wachawi, na wengine hunguruma mpaka maneno yanapotea. Walker hangurumi. Anaimba wazi, sauti inatetemeka kama ya mtu anayekiri kosa mbele ya wazee, na anachokiri ni mapenzi yanayomponyoka huku akijua mkono wake umo. Mimi nimelelewa na taarabu. Mama yangu alikuwa akifungulia redio, wimbo mmoja unamaliza rundo zima la vyombo vya kuosha, mtu analilia penzi ubeti kwa ubeti. Kwa hiyo urefu haukunitisha wala kilio hakikuwa kigeni. Tofauti ni kwamba taarabu ikiumia hutafuta mbaya wake, mpasho unarushwa dirishani kwa jirani. Huyu hana wa kumrushia. Kila jiwe analolitupa linamrudia mwenyewe, na magitaa yale mazito yanakuwa kama ukuta anaouegemea asianguke.

Mama ntilie wa jirani alivumilia siku mbili. Ya tatu akaja na sahani yangu ya wali maharage, akaniuliza taratibu, "Fundi, kuna msiba?" Nikamwambia hamna, mama, ni muziki tu. Akasikiliza kidogo, akasema, "Basi huyo anayeimba ndiye aliyefiwa." Sijasoma maelezo ya albamu hii yanayoyapita hayo.

Ina kasoro, nisiwadanganye. Nyimbo zote tano zina mwendo mmoja, na kama hujazoea utadhani ni wimbo mmoja umekatwa vipande. Ngoma hazina mbwembwe. Kwa spika ya simu usijisumbue, utasikia nyuki tu. Nilijaribu pia na earphone za bei ya kutupa, besi ikageuka uji. Tafuta spika yenye koni nzima, halafu zima ile swichi ya kuongeza besi, maana humu besi imeshajaa. Albamu ya 1999 nayo ni nzuri, ila mwimbaji alikuwa bado hajajiachia.

Kwa nini hawavumi? Nadhani ni kwa sababu hawana sura ya kutisha ya kuchapa kwenye fulana, na mwaka 2009 walivunjika kabla wengi hatujasikia habari zao. Mwaka 2017 walikutana tena wakaipiga albamu hii yote, mwanzo hadi mwisho, kwenye tamasha la Roadburn kule Tilburg, Uholanzi. Walker ana bendi nyingine, 40 Watt Sun. Asiyependa makelele aanzie kwenye Perfect Light yao ya 2022, ni gitaa kavu na piano, ila moyo ni ule ule uliopasuka.

Yule kijana alirudi baada ya wiki mbili. Nikamrudishia flashi, nikamwambia nimenunua yangu. Alicheka mpaka akaketi kwenye stuli ya wateja. Siku hizi kila sabufa ninayoitengeneza naimalizia kwa wimbo wa "Faces", kwani koni ikiwa na ufa hata mdogo, zile noti ndefu zinaufichua mara moja. Juzi mzee mmoja alikuja kuchukua ya kwake, akasikiliza, akakunja uso.

"Fundi, mbona bado inakoroma?"

Nikamvutia stuli. "Kaa mzee wangu, subiri uishe."