Vidonge vya kalsiamu vya mama, baada ya miezi sita

Mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, aliandikiwa vidonge vya kalsiamu kaboneti vyenye vitamini D3 baada ya kuteleza bafuni na kuvunjika mkono. Mimi ndiye ninayevinunua na kumpangia.

Kasoro kubwa iko kwenye boksi lenyewe. Mbele pameandikwa 1250 kwa tarakimu kubwa, ilhali huo ni uzito wa kaboneti yote. Kalsiamu ni asilimia 40 tu, yaani miligramu 500, na jambo hilo limewekwa ubavuni kwa maandishi madogo mno. Anayefuata namba ya mbele atadhani kidonge kimoja kimetosheleza siku nzima, kumbe hakijafika hata nusu.

Kidonge chenyewe ni kizuri. Nilikitumbukiza kwenye siki, kikatoa povu na kumeguka, na kabla ya nusu saa kulikuwa na unga mweupe tu chini ya glasi. Ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa kaboneti huhitaji asidi ili iachie ioni za kalsiamu, yaani chembe zake ndogo zenye chaji ya umeme, na ni ioni hizo zinazofyonzwa utumboni kwa msaada wa vitamini D, zikaingia kwenye damu na kufika mfupani, ambako seli zinazojenga mfupa hutandaza kwanza nyuzi za protini iitwayo kolajeni, kisha kalsiamu na fosfeti zikaganda juu yake na kuwa kitu kigumu. Ndiyo maana mama humeza wakati wa chakula, tumbo linapokuwa na asidi ya kutosha.

Kilichoniudhi ni karatasi ya maelezo, ambayo haikusema popote kwamba kalsiamu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, wala kwamba hushikana tumboni na antibiotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini. Kwa mwezi mzima mama alimeza kalsiamu pamoja na vidonge vyake vya chuma vya kuongeza damu, hadi mfamasia alipotushtua. Sasa chuma ni asubuhi, kalsiamu ni mchana na usiku.

Lipo boksi lenye zinki, la bei ya juu zaidi. Ni kweli kwamba kimeng'enya kimojawapo cha seli za mfupa hakifanyi kazi bila zinki, lakini mama anakula maharage, nyama na dagaa, kwa hiyo sikuona sababu ya kulilipia.

Wiki za mwanzo alipata choo kigumu, kikalainika alipozidisha maji na papai. Kidonge ni kikubwa, ila kina mstari katikati na hukatika vizuri kwa kisu. Nitaendelea kuvinunua, na ninamwomba mtengenezaji aiweke ile 500 mbele ya boksi.