DA 4856: fomu ya ushauri ya Jeshi la Marekani, nzuri kuliko inavyotumiwa

Sajenti anayeongoza timu katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani ana karatasi mbili za kumweleza askari wake jinsi anavyofanya kazi. Moja ni NCOER, ripoti ya tathmini inayokaa kwenye jalada la kudumu na kusomwa na bodi za kupandisha vyeo. Hiyo huandikwa kwa wenye cheo cha sajenti kwenda juu. Nyingine ni DA 4856, fomu ya ushauri, na kwa walio chini ya sajenti maandishi mengi kuhusu utendaji wao hubaki humo. Hapa tunaipitia hiyo ya pili, kwa mpangilio wa toleo la Julai 2014 ambao viongozi wengi wameuzoea, ingawa toleo jipya lilitoka mwaka 2023.

Fomu ina kurasa mbili na sehemu nne. Ya kwanza ni jina, cheo, tarehe, kikosi na jina la kiongozi. Haina la kusema. Ya pili ni sababu ya kikao, na hapa ndipo kazi inapoanza kuharibika. Maelekezo ya fomu yanamtaka kiongozi aandike mambo aliyoyaona kabla ya kikao. Wengi huandika hukumu: “Askari hana nidhamu, hajali kazi.” Maneno hayo hayapimiki, na askari akiyapinga hakuna wa kuamua. Linganisha na hili: “Tarehe 4, 11 na 12 Machi ulifika paredi ya saa 12:30 asubuhi ukiwa umechelewa kwa dakika 10, 25 na 15. Tarehe 11 hukupiga simu.” Hapo hakuna tusi wala kubahatisha, na mazungumzo yanaweza kwenda moja kwa moja kwenye chanzo. Pengine gari limekufa, pengine mtoto anaumwa, pengine ni uzembe tu.

Sehemu ya tatu ndiyo moyo wa fomu: hoja zilizojadiliwa, mpango wa utekelezaji, kufunga kikao, na wajibu wa kiongozi. Mwongozo wa jeshi kuhusu ushauri, ATP 6-22.1 wa mwaka 2014, uligawa kikao hatua nne: kukifungua, kujadili, kutengeneza mpango pamoja, kisha kuandika na kufunga. Neno la kushika hapo ni “pamoja”. Kiongozi anayeingia na fomu iliyokwisha kujazwa hadi mwisho, ikingoja saini tu, ameruka hatua mbili za katikati. Aje na sehemu ya pili imejazwa na hoja zake zimeorodheshwa, lakini kisanduku cha mpango kiwe kitupu mpaka askari aongee. Askari aarifiwe mapema, apewe muda na mahali pasipo na masikio ya wengine. Kikao cha kawaida kisizidi saa moja.

Mpango wenyewe una kipimo kimoja kizuri ambacho fomu imekiandika wazi: hatua ziwe mahususi kiasi cha kubadilisha au kudumisha tabia, na ziwe na muda wa kutekelezwa na kupimwa. “Utajitahidi kuwahi” haina lolote kati ya hayo. Mpango unaofanya kazi huandikwa hivi: “Kuanzia kesho hadi 14 Aprili utaripoti kwa kiongozi wa timu saa 12:15 asubuhi ukiwa na sare kamili. Utaweka saa za kengele mbili, moja mbali na kitanda. Ukipata tatizo njiani utapiga simu kabla ya saa 12:00. Tutakaa tena 15 Aprili saa 10 alasiri.” Mtu yeyote akiusoma mwezi mmoja baadaye ataweza kusema kama ulifuatwa.

Wengi huteleza pia kwenye mazoezi ya kurekebisha, yaani kazi ya ziada anayopewa askari ili aondoe upungufu wake. Kanuni AR 600-20 inataka mazoezi hayo yahusiane moja kwa moja na upungufu wenyewe, na yakome upungufu ukiisha. Kumwambia aliyechelewa aripoti dakika 15 kabla ya wenzake ni mazoezi. Kumpa zamu za usiku wiki nzima au kumfagilisha uwanja ni adhabu, na adhabu ina utaratibu wake mwingine wenye haki za askari ndani yake. Kiongozi akichanganya haya mawili kwenye kisanduku cha mpango, ameweka kwa mkono wake ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Kisanduku cha wajibu wa kiongozi ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Karibu kila mara kinasomeka “Nitakuwa tayari kukusaidia.” Kusaidia kwa nini, lini? Kama tatizo ni goti, iandikwe kwamba askari ameruhusiwa kwenda kliniki Jumanne saa 3 asubuhi na nani atashika kazi yake. Kama tatizo ni mbio za maili 2, iandikwe nani atakimbia naye na siku zipi. Askari anaposoma ahadi yenye jina na saa, anaelewa kwamba mpango ni wa watu wawili.

Kuhusu saini, fomu ni ya haki. Askari anaweka alama kwamba anakubali au hakubali, na ana nafasi ya kuandika maoni yake. Kusaini si kukiri kosa. Kiongozi mwenye busara humwambia hivyo kabla ya kumpa kalamu, na askari akikataa kusaini, huandika kwamba amekataa, ikiwezekana mbele ya shahidi. Kufoka hapo hakusaidii chochote.

Halafu kuna sehemu ya nne, tathmini ya mpango: je, ulileta matokeo yaliyotarajiwa? Inapaswa kujazwa na wote wawili, kiongozi na askari. Hii ndiyo sehemu bora ya fomu nzima, na ndiyo huachwa tupu mara nyingi. Matokeo yake ni mabaya kwa pande zote. Askari aliyejirekebisha anabaki na karatasi inayotaja kosa lake bila mstari mmoja unaosema alilimaliza. Na asiyejirekebisha, kikosi kikitaka kumwondoa jeshini kwa utendaji duni, kanuni AR 635-200 inadai kwanza awe ameshauriwa rasmi na kupewa nafasi ya kurekebisha. Rundo la fomu zisizo na sehemu ya nne linaonyesha alionywa tu. Halionyeshi kama kuna aliyefuatilia.

Onyo linaloandikwa kwenye fomu, kwamba askari anaweza kuondolewa jeshini, nalo lina dosari katika matumizi. Vikosi vingi vina aya iliyokwisha andikwa, na viongozi huibandika kwenye kila fomu, hata ya kumpongeza askari au kumkaribisha. Iwekwe pale tabia inapoelekea huko kweli. Mwongozo ule wa 2014 ulitaja aina tatu za ushauri, wa tukio, wa utendaji na wa kukua kitaaluma, na fomu inazitosha zote. Lakini kwa sababu hutolewa siku za ubaya tu, askari akiiona mezani anajua ameitiwa shari. Fomu haina kosa hapo. Dawa ni kuitumia pia siku askari alipofanya vizuri, kwa tarehe na takwimu zilezile.

Faida huonekana askari akifika cheo cha sajenti. Kwenye NCOER kikao cha kwanza hufanyika ndani ya siku 30 za mwanzo wa kipindi, kisha angalau kila robo mwaka, kwa fomu yake ya DA 2166-9-1A. Kuanzia cheo kinachofuata cha sajenti (staff sergeant) kwenda juu, mtathmini mkuu amewekewa ukomo wa 24% ya anaowatathmini kwa daraja la juu kabisa. Katika ushindani huo “aliboresha timu” haisomeki. “Alifundisha askari 6, wote wakafaulu kulenga shabaha kwa mara ya kwanza” inasomeka. Takwimu kama hizo haziwezi kukumbukwa mwezi wa kumi na mbili kama hazikuandikwa mwezi wa pili. Kiongozi aliyejizoesha DA 4856 sawasawa anazo tayari.

Kasoro ninayoiona kwenye fomu yenyewe ni maelekezo yake ya kuharibiwa: inatupwa askari akihamishwa (isipokuwa uhamisho wa kumrekebisha), akimaliza mkataba au akistaafu. Kwa makosa madogo ni rehema. Kwa mazuri ni hasara, maana kiongozi mpya anaanza na mtu huyo kutoka sifuri. Fomu inaelekeza wote wawili wabaki na nakala, kwa hiyo askari adai yake siku hiyohiyo, ahakikishe sehemu ya nne imejazwa kabla hajaondoka, na aende nazo kwenye kikao cha kwanza huko aendako.