ICU (wodi za mahututi) za watoto, Dar na huku kusini: wapi daktari kijana aende

Wenzangu mnaoniuliza inbox mfanye kazi wapi, majibu yangu haya hapa. Nimepita hospitali kubwa moja ya Dar, moja ya misheni mkoa wa Lindi, sasa nipo Mtwara, majina sitaji.

Dar vifaa vipo, ventileta (mashine ya kumpumulia mgonjwa), monita kila kitanda, bingwa anapita raundi kila siku. Kama unataka kuijua ventileta vizuri nenda. Ila madaktari wadogo mko wengi mno, kuweka tyubu ya kupumulia unasubiri zamu yako, mwisho wa siku umeandika mafaili tu.

Lindi ICU yenyewe ilikuwa vitanda vilivyosogezwa karibu na meza ya nesi basi. Lakini ndipo nilipokuwa daktari. Mtoto anakuja na malaria kali, anadegedeka, mweupe kama karatasi, ni wewe na nesi, unapima sukari kwanza, artesuneti ya mshipa miligramu 3 kwa kilo kama hajafika kilo 20, ndugu wanaitwa kutoa damu, na maji ya dripu humpi kwa kasi maana utafiti wa FEAST wa 2011, uliofanyika Uganda, Kenya na hapa kwetu, ulionyesha watoto waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi kuliko wasiomiminiwa. Anayeshindwa kupumua anawekewa sipapu ya mapovu (CPAP, hewa ya presha inayosukumwa puani), bomba linazama kwenye chupa ya maji, sentimita ulizozamisha ndo presha yenyewe. Inaokoa jamani! Shida konsentreta, mashine ya kuchuja oksijeni hewani, inakula umeme, ukikatika usiku mnakimbilia mtungi, na mtungi nao uwe umejaa.

Mtwara ni katikati ya hizo mbili, vifaa kiasi, ila manesi wa usiku hapa nawapa nyota zote, mtoto akianza kubadilika wanakuita kabla hajazidiwa na hilo hakuna monita inayokufanyia. Kinachoniumiza ni rufaa ya Dar, zaidi ya kilomita 500 na mtoto yuko kwenye oksijeni, mama kapakata, mimi hiyo safari naiogopa kila nikisaini fomu.

Kwa jumla Mtwara nyota 4, Lindi 4 pia kwa anayetaka mikono ikomae, Dar 3.

Kabla hujakubali popote ulizia usiku nesi mmoja anashika watoto wangapi, bingwa anapokea simu saa nane usiku au hapokei, na nyumba ya daktari iko umbali gani na wodi, maana bodaboda saa hizo huipati.