Kahawa ya nyumbani: ipi uinunue na ipi uiwache dukani

Kila Ramadhani ikikaribia watu wananiuliza suala hilihili, ninunue kahawa gani, na mie siku zote nawarudishia suala: unakwenda kuipika vipi? Maana hapo ndipo tunapokosea wengi. Mtu anaingia dukani anachukua pakiti zuri la kung'ara, limeandikwa Kilimanjaro, ghali, akifika nyumbani anaimwaga kwenye dele, lile birika letu la kahawa, na tangawizi iliyopondwa anaiweka juu ya makaa inatokota mpaka maji yanapungua, halafu anakuja kulalamika mbona haina kitu. Itakuwaje na kitu, na ushaiua wewe mwenyewe? Basi mpangilio wangu huu ni wa mtu wa dele, yule anayetaka kahawa chungu ya kunywa kwa kashata au haluwa baada ya tarawehe. Mtu wa maziwa na sukari vijiko vitatu nae nitamkumbuka huko chini, asikasirike.

Kwanza tujue tunanunua nini. Sie visiwani ni watu wa karafuu, kahawa yetu inavuka bahari kutoka bara, na huko bara ziko aina mbili kubwa. Iko arabika ya milimani, Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Mbinga, ambayo ilipandwa Kilimanjaro na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19 na baadae Wachaga wakaundia ushirika wao, KNCU, mwaka 1933. Hii ina harufu nzuri na uchachu fulani hivi mwepesi kama tunda. Halafu iko robusta ya Kagera, ambayo Wahaya walikuwa wakiitafuna tokea zamani kabla ya Mzungu kufika, wanachemsha matunda yake na majani, wanakausha, mgeni akija anapewa atafune. Robusta ni nzito, chungu, kafeini yake inafika karibu mara mbili ya arabika, na kwa kawaida bei yake iko chini.

Wajuzi wa siku hizi wanaidharau robusta. Mie siidharau hata kidogo. Fikiria dele linavyofanya kazi, unachemsha muda mrefu kwahivyo ile harufu nyepesi yote inaondoka na mvuke inawanukia majirani, tangawizi inakuja inafunika uchachu, kinachobaki kwenye kikombe ni uchungu na uzito tu, na hivyo viwili robusta anavyo tele. Ukiniuliza mie nachanganya, robusta sehemu mbili na arabika sehemu moja, arabika ya kutia harufu kidogo na robusta ya kubeba tangawizi.

Sasa namba moja, na sibishani na mtu hapa: buni mbichi, yaani punje za kahawa zisizokaangwa bado, ukaange mwenyewe. Ndio ni kazi, najua, moshi nyumba nzima, lakini buni mbichi ukiihifadhi pakavu inakaa miezi na miezi wakati iliyokaangwa inaanza kufa siku ileile. Ukifika sokoni usikubali kupimiwa kutoka juu ya gunia, tia mkono mpaka chini utoe gao moja uzimwage kwenye kiganja cha pili uziangalie. Unataka zinazolingana ukubwa, kwasababu kubwa na ndogo zikikaangwa pamoja moja inaungua nyengine bado mbichi. Ukiona vitundu vidogo kama vya sindano ujue mdudu keshapita. Nyeusi nyingi, hapana. Zilizovunjika nyingi, hapana. Halafu nusa, buni nzuri inanukia kama majani makavu, ikinukia uvundo au gunia lililorowa usirudi tena hata ukipunguziwa bei, na huku kwetu unyevu wa bahari haumuachi mtu, buni iliyokaa ghalani masika yote utaijua tu kwa pua.

Na piga hesabu kabla ya kulipa. Ukikaanga, maji yanatoka, kilo moja ya buni inarudi kama gramu 800 hadi 850 hivi, na ukiikaanga nyeusi sana ndio inazidi kupungua. Watu wanalinganisha bei ya mbichi na ya kukaangwa kilo kwa kilo halafu wanasema nimepata rahisi, kumbe hajapata. Kukaanga kwenyewe, moto wa wastani, usiwache kukoroga hata simu ikilia, zitageuka manjano kisha kahawia kisha utazisikia zinatatarika kama bisi. Hapo mwenye kutaka ya kuchuja anaepua. Mtu wa dele anaendelea kidogo mpaka ziwe kahawia nzito na mafuta yanaanza kung'aa juu, basi, epua upesi umwage kwenye ungo upepete zipoe, maana ukiziwacha kwenye chungu zinaendelea kuungua na ule si uchungu wa kahawa tena, ni uchungu wa mkaa. Zikishapoa zichague, zile zilizobakia rangi ya karanga wakati wenzake wamekolea zitoe, zilivunwa changa na zinatia ladha ya makaratasi.

Namba mbili ni ile iliyokwishakaangwa lakini bado nzima, isagwe mbele ya macho yako au uitwange nyumbani kwa kinu. Muulize muuzaji imekaangwa lini. Akikwambia leo mshukuru lakini ipe siku moja mbili kabla ya kuipika, kahawa mpya inatoa hewa nyingi ndani na kikombe kinakuwa na ukali usiotulia. Akikwambia "hii nzuri hii, chukua tu", basi hajui au anajua sana.

Namba tatu pakiti la arabika lililosagwa kiwandani, lenye tarehe na limefungwa vizuri. Kwa mtu wa kuchuja hii inaweza kupanda mpaka namba mbili, kwa mtu wa dele ni kutupa pesa. Nimemaliza.

Namba nne ya kopo, ile ya kukoroga na maji ya moto, Africafe na wenzake. Msinicheke. Ya kopo haijifanyi kitu isichokuwa, inayeyuka, haina masimbi, inakubali maziwa na sukari, na yule mtu wangu wa vijiko vitatu hapa ndipo kwao, asiende kuhangaika na magunia. Ila ukiitia kwenye dele mie sijakuona na wewe hujaniona.

Kahawa ya unga inayouzwa kwenye mifuko ya nailoni bila jina wala tarehe nimeshindwa kuipa namba, kwasababu siku nyengine ni nzuri kweli na siku nyengine sijui ni nini. Ukiinunua nunua kidogo uijaribu hivi: chukua gilasi ya maji baridi, nyunyiza kijiko kimoja juu bila kukoroga. Kahawa yenyewe ina mafuta kwahivyo inaelea muda na maji yanakawia kugeuka rangi. Ikiwa imechanganywa na mizizi ya chikori iliyokaangwa, ule unga unazama upesi na unaacha michirizi ya kahawia kuelekea chini. Jaribio la dakika mbili tu.

Ya mwisho kabisa ni ile ya mifuko mizuri ya ukili yenye viungo ndani, iliki, mdalasini, karafuu, inayouzwa kwa wageni. Niliwahi kununua duka moja la mjini, sitalitaja, nikampelekea mjomba wangu ambaye anakunywa kahawa tokea alipokuwa mtoto, akanusa mara moja akaurudisha mfuko mezani akaniambia "hii pilau". Na alikuwa na haki, viungo vizito ndio pahala pazuri pa kufichia kahawa iliyokwisha ladha. Iliki tia mwenyewe, unayo jikoni.

Sasa namna ya kuonja ukitaka kulinganisha mbili, na usizipike kwenye dele kwa hili, tangawizi itakudanganya. Vikombe viwili vinavyofanana, kila kimoja kijiko kimoja cha chakula cha unga kilichosawazishwa, maji yaliyochemka yakatulia kidogo, mimina sawasawa. Angalia ile inayovimba na kufanya povu, hiyo mpya. Ngoja dakika nne, ule utandu wa juu uvunje kwa kijiko huku pua iko palepale, harufu yote inatoka wakati huo na ukikosa umekosa. Ondoa povu, iwache ipoe kidogo, halafu ifyonze kwa sauti, kwa nguvu, kama mzee anayekunywa uji wa moto, watoto watacheka wacha wacheke, ndivyo inavyoenea ulimi mzima. Sikiliza mambo matatu tu. Uzito mdomoni, kama maji au kama maziwa? Uchungu, unapita ukaondoka au unakamata koo? Na baada ya kumeza kinabaki nini? Ikibaki kama chokoleti au karanga iliyokaangwa umepata. Ikibaki jivu, imeungua. Ikibaki kama vumbi la stoo, imezeeka. Kisha ionje tena ikishapoa kabisa, kahawa mbaya ikiwa moto inajificha, ikipoa haina pa kujificha.

Ukishanunua tia kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza, kabatini, mbali na jiko, na nunua ya wiki mbili sio ya miezi mitatu. Na tafadhali usiiweke karibu na dagaa. Kahawa inavuta harufu ya chochote kilicho jirani, mie nilishawahi kuiweka rafu moja na karafuu za kutoka Wete na wiki nzima kila aliyekuja kunywa barazani ananiuliza nani anaumwa jino.